Lamini na Lami: Tatizo la Kutohoa Istilahi za Kiini cha Seli

Makala haya yanajadili istilahi moja ya biolojia ya seli, yaani lamini, na utata unaozuka inapoingizwa katika Kiswahili. Lamini ni protini zenye umbo la nyuzi. Molekuli zake husokotana mbilimbili, mithili ya kamba ya mkonge, kisha hufumana na kuwa wavu chini ya utando wa ndani wa kiini. Wavu huo hukipa kiini umbo, hukikinga kisibonyee, na huwa pahala pa kujishikiza kromosomu. Seli ya mnyama inapogawanyika, wavu hufumuka, kisha hufumwa upya. (Mkonge wenyewe, kama mimea mingine, hauna lamini, una protini za aina nyingine zifanyazo kazi hiyo.)

Asili ya neno ni Kilatini, lamina, yaani bamba jembamba. Tafsiri ya "bamba" ingepotosha, kwani kinachotajwa ni wavu. Utohozi umeonekana kuwa njia nyepesi: irabu -i huongezwa mwishoni, kama katika protini. Hata hivyo, umbo linalopatikana lina maana tayari. Msemaji wa Segera, penye njia panda ya Chalinze, Tanga na Korogwe, asikiapo lamini husikia nomino lami pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Mkazo nao hausaidii, kwa kuwa katika maumbo yote mawili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kinachotofautisha ni upatanisho wa kisarufi:

(1) Lamini imeharibika. (protini, ngeli ya 9)
(2) Lamini pameharibika. (barabarani, ngeli ya 16)

Tofauti hiyo ingetosha lau tatizo lingekomea hapo. Ipo protini nyingine, laminini, ipatikanayo nje ya seli, katika utando wa msingi unaoshikilia tishu. Mwanafunzi ataichanganua kuwa lamini + -ni, "ndani ya lamini", na hivyo kuiingiza katika kiini protini isiyohusika nacho. Kosa la namna hii halitokani na uzembe, bali na umahiri wake wa lugha.

Wala suala si la kamusi peke yake. Mwaka 1999 hitilafu katika jeni ya LMNA, inayoongoza uundaji wa lamini A na C, ilihusishwa na aina moja ya ugonjwa wa kudhoofika misuli. Mwaka 2003 ikabainika kuwa ndiyo chanzo cha projeria, maradhi yanayowazeesha watoto. Upungufu wa laminini nao huleta ugonjwa mwingine wa misuli, uanzao tangu kuzaliwa. Mzazi anayeelezwa maradhi ya mwanawe kwa Kiswahili anastahili kujua ni protini ipi iliyoharibika.

Kwa maoni yetu, muundo wenyewe uitwe wavu wa kiini. Lamini libaki, ila litanguliwe na neno protini linapotajwa kwa mara ya kwanza. Laminini liachwe, na mahali pake pachukuliwe na laminina, umbo ambalo kwa kuishia na -a halichanganuliki kuwa na -ni. Istilahi hizi zijaribiwe kwanza darasani, miongoni mwa wanafunzi wasemao Kiswahili kila siku, kabla ya kupelekwa BAKITA kusanifishwa.