Kofia Inayopwaya Hujazwa Ndani

Wadogo zangu, swali la leo limetoka kwa binti aliyerithi kofia ya pama ya babu yake. Anaipenda, huivaa kanisani na harusini, lakini inamteremka mpaka masikioni, na akipanda kivuko lazima aishike kwa mkono upepo usiichukue. Kuna mtu amemshauri ailoweke kwenye maji ya moto kisha aianike juani ili ipungue. Anauliza kama afanye hivyo.

Mdogo wangu, usiiloweke. Aliyekushauri hakukosea katika jambo moja: sufu iliyoshindiliwa ikikutana na maji na joto hujikaza, na kofia hupungua kweli. Ila haipungui pale unapotaka wewe. Ukingo unaweza kujikunja mawimbi, kichwa cha kofia kikalala upande mmoja, na ule ukanda wa ngozi ulioshonwa ndani ukasinyaa kuliko sufu yenyewe, ukaivuta kofia nzima ikakunjamana. Ikifika hapo hairudi. Kofia inayopwaya hujazwa ndani. Ukijaza vibaya unatoa ulichojaza, unaanza upya, na kofia ya babu inabaki vilevile alivyoiacha.

Nazungumzia kofia zenye ukingo na ukanda wa ndani: pama za sufu na za majani, zile pana anazopenda kuvaa Rais Museveni, na kofia za kina mama za ibadani. Kofia za vito za kwetu pwani zina utaratibu wake. Hazina ukanda, jasho linaingia moja kwa moja kwenye kitambaa, ndiyo maana hufuliwa na kutiwa wanga. Hizo tuziache kwa leo.

Anza kwa kupima kichwa chako. Chukua tepu ya fundi cherehani, izungushe katikati ya paji la uso, ipite juu kidogo ya masikio na pale kisogo kinapotokeza zaidi. Usiikaze. Huna tepu? Tumia kamba nyembamba, kisha iweke kwenye rula. Halafu kunjua ukanda wa ndani wa kofia utafute namba. Nyingine huandikwa kwa sentimita, na hapo huna kazi. Nyingine, hasa zinazotoka kwenye mitumba, zina namba kama 7, 7⅛ au 7¼. Kwa vipimo vya Marekani, 7 ni kama sentimita 56, 7⅛ ni 57, 7¼ ni 58, na kila hatua inayofuata inaongeza karibu sentimita 1. Waingereza wako nyuma kwa hatua moja: 7 yao ni sentimita 57. Kofia ya zamani inaweza kuwa imetanuka au imesinyaa, kwa hiyo ikaguliwe kichwani pia, siyo kwenye namba tu.

Tofauti ikiwa sentimita 1 au 2, kazi ni nyepesi na utaimaliza mwenyewe sebuleni. Ikizidi 3, nakuambia ukweli kama dada: unaweza kuijaza ikakaa, lakini kina cha kofia kilikatwa kwa kichwa kingine, na itaonekana imekumeza. Kama ni ya kununua, iache sokoni. Kama ni ya babu, hilo ni la moyo wako, jaza uvae.

Kinachofaa zaidi kujazia ni sponji nyembamba. Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza tepu ya sponji ya kuziba nyufa za milango na madirisha, yenye gundi upande mmoja. Mafundi makochi nao hubakiwa na vipande ambavyo wangevitupa. Usidharau unene mdogo. Kipande cha milimita 3 kikizunguka kofia yote kinapunguza mduara kwa karibu sentimita 2, ingawa sponji ikibonyea itakurudishia kidogo. Ndiyo maana wengi huweka sponji nene, kofia ikawabana mpaka kichwa kikauma, wakadhani kofia haiwafai.

Kata kipande chembamba kuliko ukanda, upana wa sentimita 1 na nusu unatosha. Kunjua ukanda, utaona kijinafasi kati ya ngozi na sufu. Kitumbukize humo kikae chini karibu na mshono, kisha rudisha ukanda mahali pake. Anza na kisogo: kipande kifupi, urefu wa kiganja. Kofia nyingi zina kifundo kidogo cha utepe ndani ya ukanda, hicho kinakuonyesha upande wa nyuma. Vaa, tembea, inama kama unayefunga kamba za viatu. Bado inateleza? Ongeza vipande viwili pembeni, juu ya masikio. Paji la uso liwe la mwisho kabisa, kwa sababu huko ndiko jasho linakotoka kwa wingi na ndiko kofia inapobana huchora mstari mwekundu.

Na hapa usikimbilie kuzungusha sponji kofia nzima kabla hujajua inapwaya wapi. Vichwa si duara. Wengine wana kichwa kirefu kutoka mbele kwenda nyuma: kofia inawabana kwenye paji na kisogo huku pembeni kidole kinapita bila kizuizi. Huyo ajaze pembeni tu, huku mbele na nyuma asiguse. Mwenye kichwa kipana pembeni, kinyume chake. Pitisha kidole kati ya kofia na kichwa, zunguka polepole, utaambiwa na kidole chenyewe. Kofia iliyokaa vizuri inakubali ncha ya kidole kwa shida kidogo, wala haiachi alama baada ya saa moja.

Karatasi ya gundi usiibandue siku ya kwanza. Vaa siku kadhaa sponji ikiwa imeshikiliwa na ukanda peke yake, uihamishe uihamishe, ndipo uibandike, au uiache hivyohivyo kama haisogei. Ile gundi ya papo kwa papo ya vibandani isikaribie kofia yako: hugeuka ngumu na kuikakamaza ngozi, na ikipenya sufu doa lake halitoki. Gazeti lililokunjwa, njia ya wazee wetu, linafaa kwa harusi ya leo jioni. Kesho yake litoe, kwa maana linanyonya jasho na kukaa na unyevu dhidi ya ngozi.

Wasichana, tunalo jambo letu. Kichwa cha wiki hii si cha wiki ijayo. Ukisuka rasta kichwa kinaongezeka, ukinyoa kinapungua, ukibana nywele nyuma kofia inapanda juu. Kwa hiyo wewe usibandike kitu. Tumia vipande vya kuingiza na kutoa, au fanya ninavyofanya mimi: funga kitambaa chepesi cha pamba kichwani kabla ya kofia. Kinajaza nafasi, kinanyonya mafuta ya nywele yasifike kwenye ukanda, na kinakinga zile nywele laini za mbele zisikatike kwa kusuguliwa. Kinafuliwa kila siku, kofia haifuliwi. Kwa upepo wa kivuko, mwambie fundi akushonee lastiki nyembamba nyeusi ndani, kutoka sikio hadi sikio, ipite kisogoni chini ya nywele. Hakuna atakayeiona.

Sasa tuje kwenye ukanda wenyewe, maana naona watu wanapiga brashi kofia kwa nje mpaka inang'aa, huku ndani kumeoza. Ukanda huo umewekwa uchukue jasho kabla halijafika kwenye sufu. Jasho lina chumvi, na kichwa chetu kina mafuta ya ngozi pamoja na yale tunayojipaka. Chumvi inaikausha ngozi ya ukanda, inakuwa ngumu, inapasuka, inasinyaa. Mafuta yanapita kwenye nyufa mpaka utepe wa nje, ndiyo ile michirizi ya rangi ya chai unayoiona kwenye kofia za watu. Mchirizi ukishatokeza nje, umechelewa.

Kwa hiyo ukirudi nyumbani, kabla hujakaa, kunjua ukanda wote nje na uufute kwa kitambaa kikavu. Acha kofia ikauke ukanda ukiwa umekunjuliwa, kofia imelazwa kichwa chini, kivulini, mahali penye hewa. Usiilaze kwa ukingo, ukingo utanyooka. Usiitundike kwenye msumari, utaacha kibonyeo. Na nakusihi, usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani: ngozi yenye unyevu ikipigwa na joto lile husinyaa, na kofia iliyokuwa inapwaya Jumapili inaweza kukubana Jumatano.

Kila baada ya muda, kulingana na jasho lako, usafishe kwa sabuni. Tumia sabuni ya kawaida isiyo kali, itoe povu kwenye kitambaa, kamua kitambaa mpaka kisidondoke, futa ukanda mbele na nyuma. Rudia na kitambaa chenye maji matupu kilichokamuliwa. Sufu isiloane. Ukanda ukikauka na kuonekana mkavu, weka tone moja au mawili ya glisarini kwenye kitambaa, upake kidogo sana, uache usiku kucha kisha ufute kilichobaki. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando hapana, yatahamia kwenye sufu. Dawa ya viatu hapana kabisa, utarudi na paji jeusi. Spiriti inaua harufu, lakini inaikausha ngozi kuliko jasho lilivyoikausha, iepuke. Ukanda wa kitambaa ni mvumilivu zaidi: mswaki laini na povu vinatosha, bora tu ukauke upesi.

Kofia ya mtumba, iwe ya Karume au Gikomba, isiingie kichwani kabla ya hayo yote. Mapunye huambukizwa kwa kuvaliana kofia, na vipele vya paji la uso navyo hupenda ukanda mchafu. Sokoni, kunjua ukanda mbele ya muuzaji bila aibu. Ukiwa mweusi, mgumu, unakatika ukiukunja, toa bei ya kofia inayohitaji ukanda mpya.

Na ukanda mpya unawekwa. Fundi viatu mzuri anaweza, mradi umwelekeze. Achague ngozi nyembamba na laini, ya kondoo au mbuzi, isiyotoa rangi. Isugue kwa kitambaa cheupe chenye maji kabla hajaikata. Atoe ukanda wa zamani polepole autumie kama kielelezo cha urefu na upana. Ashone kwa mkono, apitishe sindano kwenye matundu yaleyale ya mwanzo, asipake gundi popote. Kabla hujampelekea, toa sponji zako zote uziweke kwenye bahasha. Ngozi mpya mara nyingi ni nene kuliko ile iliyochakaa, na pengine hutazihitaji tena. Kofia ikirudi, ivae saa moja ndani ya nyumba kwanza, pitisha kidole kuizunguka, ndipo uamue kipande kipi kirudi na kipi kibaki kwenye bahasha.