Kwa Nini Sweta ya Sufu Huwasha Mwili

Asubuhi za Julai huko Mwihoko, upande wa Ruiru, baridi ni kali. Mzazi humvika mwanawe sweta ya sufu aende shule, naye mtoto hujikuna shingo mpaka ngozi ikachubuka. Huambiwa ni mkaidi, au ana chawa, na pengine hupigwa. Yafaa wazazi wajue kwamba mtoto huyo asema kweli.

Wengi hudhani kwamba manyoya ya kondoo yana sumu, ama sabuni haikusuuzwa vema. Mara nyingi sivyo. Sababu ni unene wa nyuzi, kama wataalamu wa Australia walivyoeleza katika mwaka 1988. Ncha za nyuzi hujitokeza nje ya sweta mithili ya mabua shambani baada ya mavuno. Uzi mwembamba ukigusa ngozi hupinda. Ulio mnene haupindi, bali huchoma, na mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Mpaka wake ni kama mikroni 30, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Nyuzi nene zikiwa zipatazo tano tu katika kila mia, zatosha kumsumbua mtu.

Ndiyo maana sufu ya kondoo wa merino, ambayo mara nyingi haifiki mikroni 24, huvalika juu ya ngozi tupu, lakini ile ya Romney Marsh hufaa zaidi mazulia. Sufu ya Corriedale iko katikati.

Jasho huzidisha taabu, kwa kuwa ngozi iliyolowa hulainika na ncha huipenya kwa wepesi. Basi mtoto aliyekimbia njia nzima huwashwa kuliko mwenziwe aliyekwenda polepole.

Akina mama sokoni hupapasa sweta kwa kiganja. Kiganja hakifai kazi hii, maana ngozi yake ni nene mno. Igusisheni shingoni, au upande wa ndani wa mkono. Wala msiitie katika maji ya moto mkidhani italainika: magamba madogo ya sufu yatashikana, sweta itarudi, nayo itamfaa mdogo wake.

Shati la pamba lenye kola, likivaliwa ndani, huzuia ncha hizo zisifike mwilini. Lakini mtoto mwenye ukurutu asivikwe kabisa sufu nene karibu na ngozi, na vidonda vyake vitazamwe katika zahanati.