Uchaguzi Mdogo wa Wadi: Kura Yako ni Siri Yako

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, umri wangu ni miaka 16, kwa hivyo sina kitambulisho wala kura. Huenda ukauliza, "Sasa wewe utatufunza nini kuhusu kupiga kura?" Swali zuri. Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa hurudi nyumbani kila jioni, na huko nyumbani wamo watu wazima wenye kura ambao hawakupata bahati ya kusoma. Somo la leo ni lao, na sisi ndio tutakaowafikishia.

Kwanza kabisa, uchaguzi mdogo ni nini? Ni uchaguzi unaofanywa kabla ya uchaguzi mkuu kwa sababu kiti fulani kimebaki wazi. Kiti cha mwakilishi wadi huwa wazi mwenyewe akifariki, akijiuzulu, au mahakama ikibatilisha ushindi wake, na kuna sababu nyingine pia. Spika wa bunge la kaunti huiandikia Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, nayo Tume hutangaza siku ya kupiga kura. Wazee wetu wengi bado humwita mwakilishi huyu "diwani". Hawajakosea sana, kwani kabla ya uchaguzi wa Machi 4, 2013 tulikuwa na mabaraza ya mitaa na madiwani wake. Katiba ya 2010 ndiyo iliyotuletea kaunti 47, na sasa kuna wadi 1,450.

Wengine husema, "Ah, ni kiti kimoja tu, nitaenda shambani." Jamani! Huyo mtu wa kiti kimoja ndiye anayeketi na wenzake kupitisha bajeti ya kaunti. Zahanati, chekechea, soko na barabara ndogo za mashambani zote zimo humo. Tena katika uchaguzi mdogo watu wanaojitokeza kwa kawaida ni wachache kuliko katika uchaguzi mkuu. Novemba 27, 2025, wadi kadhaa nchini zilipiga kura, Kariobangi North ya Nairobi ikiwa mojawapo. Wapigaji wakiwa wachache, kila kura huwa nzito zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Siku ya kura mambo huenda hivi:

1. Anayepiga kura ni yule aliyesajiliwa katika wadi hiyo. Kiti kikishatangazwa kuwa wazi, usajili husimama hapo mpaka uchaguzi upite. Basi huwezi kuhamisha kura yako dakika ya mwisho ili umsaidie binamu yako.

2. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni wakati wa kufunga huruhusiwa kupiga kura. Beba kitambulisho au pasipoti uliyojisajilia.

3. Karani hutafuta jina lako kwa mtambo unaotambua alama za vidole. Kisha unapewa karatasi ya kura yenye mhuri. Katika uchaguzi mkuu mtu hupewa karatasi sita, lakini kiti kikiwa ni cha wadi tu, utapewa moja.

4. Ingia kibandani peke yako. Tia alama kwa mgombea mmoja tu. Ukitia kwa wawili, kura hiyo itakataliwa. Usiandike jina lako. Ukikosea, usiitumbukize sandukuni; mrudishie msimamizi wa kituo akupe nyingine.

5. Kunja karatasi, itumbukize sandukuni, kidole kitiwe wino, uende zako.

6. Kura huhesabiwa papo hapo kituoni mbele ya mawakala wa wagombea. Matokeo huandikwa katika Fomu 36A na kubandikwa mlangoni. Nenda ukaisome.

Nimetaja kibanda, na hapo ndipo penye kiini cha makala yangu. Mwaka 1988, katika mchujo wa chama cha KANU, watu walipiga kura kwa mlolongo. Walipanga foleni nyuma ya mgombea wanayemtaka, na kila mtu akaona nani kasimama wapi: chifu akaona, mwajiri akaona, jirani akaona. Hebu fikiria mwenye deni akisimama foleni tofauti na ile ya anayemdai! Kibanda kile cha kadibodi ndicho kinachomwondolea mnyonge hofu hiyo.

Lakini je, asiyejua kusoma? Nyanya yangu hajui. Msimu mmoja wa kampeni alijiwa na kijana mmoja wa mgombea akaambiwa, "Nyanya, usijali, nyinyi akina nyanya wote wa hapa nitawasaidia mimi." Kumbe sheria haisemi hivyo! Asiyeweza kutia alama mwenyewe huchagua msaidizi wake, mtu anayemwamini. Msaidizi awe ametimiza miaka 18, aape kutunza siri, na asisaidie zaidi ya mtu mmoja. Asiye na msaidizi husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala. Mimi kwa miaka yangu 16 siwezi kuingia naye. Ninachoweza ni kumwambia haya mapema, ili amchague shangazi yangu kwa hiari yake, asichaguliwe mtu na kijana wa kampeni.

Jambo la mwisho ni hongo. Chini ya sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia, na adhabu yaweza kufika faini ya shilingi milioni mbili au kifungo cha miaka sita, au vyote viwili. Mnunuzi akikuagiza umpigie picha karatasi yako kwa simu, jua kwamba anataka kuirudisha mlolongo kwa mlango wa nyuma. Pakiti ya unga huisha kwa siku mbili, nayo miaka ya kungojea uchaguzi mkuu ni mirefu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Basi mwanafunzi mwenzangu, jioni ya leo waulize watu wa kwenu maswali matatu:

(a) Umesajiliwa katika kituo gani?
(b) Kitambulisho chako kiko wapi, nawe mwenyewe ndiye unayekiweka?
(c) Ukihitaji msaidizi, umemchagua nani?

Wakikosa jibu, umepata mahali pa kuanzia kufundisha. Kiswahili kitukuzwe!