Siri za Seva ya Afya: Faili la Mipangilio na Kigezo cha Mazingira

Mwezi Mei 2015 kipindupindu kilizuka miongoni mwa wakimbizi wa Burundi waliofika Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Katika mlipuko wa namna hiyo, hesabu sahihi ya wagonjwa ni sehemu ya tiba, kwani huonyesha mahali pa kupeleka dawa na maji salama. Leo takwimu za MTUHA kutoka vituo vya afya nchini huingizwa katika DHIS2, programu inayoendeshwa ndani ya seva. Mipangilio ya seva ikikosewa, takwimu hukwama au siri huvuja.

Njia mbili za kuielekeza programu

Faili la mipangilio ni maandishi yaliyohifadhiwa kwenye diski, mithili ya jalada la mgonjwa. Kigezo cha mazingira ni jina na thamani yake ambavyo programu hukabidhiwa inapowashwa, mithili ya maelekezo ya mdomo wakati wa kupokezana zamu.

DHIS2 hutumia njia zote mbili. Kigezo DHIS2_HOME huonyesha folda. Ndani yake faili dhis.conf hubeba anwani ya hifadhidata na nywila yake. Mgawanyo huu una sababu. Mahali ilipo folda si siri. Nywila ni siri, na kigezo hurithiwa na programu nyingine zinazowashwa na ile ya kwanza, tena huweza kujitokeza katika taarifa za hitilafu. Faili, kwa upande wake, hufungwa kwa ruhusa.

Mambo ya kuzingatia

1. Faili lenye nywila lipewe ruhusa 0600, ili akaunti inayolimiliki pekee ilisome na kuliandika.

2. Kigezo kilichowekwa kwenye dirisha la amri hupotea dirisha likifungwa. Kiandikwe katika maelekezo ya kuwashia huduma. La sivyo, umeme ukikatika na kurudi, programu haitakiona.

3. Nywila ya usimbaji ikipotea, data zilizosimbwa kwayo hazisomeki tena. Nakala yake itunzwe mahali salama, mbali na seva.

4. Baada ya kubadili faili, huduma iwashwe upya, kisha ithibitishwe kuwa inafanya kazi.

Mgonjwa humweleza mganga ugonjwa wake kwa kuamini kwamba siri yake itatunzwa. Katika zama za seva, amana hiyo humhusu pia fundi wa mitambo.