Mapenenga, Misuli na Kumngoja Mgeni Rasmi

Kiongozi wa kikundi cha ngoma ya mapenenga wilayani Kyela anauliza; mtaalamu wa mazoezi ya viungo anajibu.

Mwalimu, kabla ya kuingia uwanjani vijana wangu huinama, hushika vidole vya miguu na kutulia hapo dakika mbili. Inawasaidia?

Dakika mbili zinawapunguzia nguvu. Mwaka 2016, David Behm wa Kanada na wenzake walipitia tafiti nyingi wakaona kwamba kunyoosha msuli kwa kutulia sekunde 60 au zaidi hushusha uwezo wake kwa wastani wa asilimia 4.6. Chini ya hapo ni asilimia 1.1 tu. Mapenenga, kama malipenga ya ndugu zetu wa Malawi, yana mwendo wa gwaride: goti juu, kisigino chini, kusimama ghafla. Mguu uliolegezwa mno huchelewa kunyanyuka.

Basi tuache kabisa?

Hapana. Watafiti Morrin na Redding walipima wacheza dansi jijini London, matokeo yakatoka 2013: waliponyoosha kwa kutulia na kwa mwendo pia, waliruka juu zaidi na kusimama imara zaidi kuliko walipotulia tu. Walikuwa kumi tu, kwa hiyo siyaapii. Ila nakubaliana nao. Anzeni na hatua za ngoma yenyewe, polepole, dakika tano hivi. Kisha zungusheni nyonga na kurusha miguu mbele na nyuma. Vigimbi na mapaja vinyoosheni sekunde 20, halafu rukeni kidogo.

Na joto hili la Kyela? Si tumeshapashwa na jua?

Jua hufupisha kazi, haliiondoi. Kinachowaponza zaidi ni kumngoja mgeni rasmi! Kikundi kinapasha misuli saa tatu, kinaitwa saa tano, na faida yote imeshapoa. Kaeni kivulini, mnywe maji, mpashe upya zamu ikikaribia.

Kunyoosha kutazuia majeraha?

Peke yake, siahidi. Nchini Australia jambo hilo lilipimwa kwa askari wapya 1,538, matokeo yakatolewa 2000: walionyoosha miguu kabla ya mazoezi waliumia karibu sawa na wenzao. Mkialikwa ufukweni Matema, mimi nahofia zaidi mchanga. Kisigino huzama, kigimbi hubeba mzigo. Waliozoea uwanja mgumu wafanye kwanza mazoezi mafupi ufukweni, siku kadhaa kabla.

Na kijana mwenye nyonga ngumu?

Dakika zake mbili azitumie ngoma ikishaisha, mara kadhaa kwa wiki. Aupe mwili wiki chache.