SOMO LA KUMI: KUVUTA UPOTE WA UPINDE MGUMU

Ukitoka mjini Tanga na kuifuata barabara iendayo Pangani, utafika katika kijiji cha Tongoni. Karibu na ufuko wa bahari yapo magofu ya msikiti wa kale na makaburi mengi ya mawe, baadhi yakiwa na nguzo. Wanahistoria wengi husema kwamba hapo ndipo ulipokuwa mji wa Mtangata.

Mwezi wa Aprili, mwaka 1498, merikebu tatu za Wareno zilipita katika bahari hii zikielekea Mombasa. Kiongozi wao alikuwa Vasco da Gama. Merikebu moja, jina lake São Rafael, ilikwama juu ya fungu, na maji yalipojaa ikaelea tena. Mwezi wa Januari, mwaka 1499, Wareno walirudi kutoka Bara Hindi. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Basi waliitia moto São Rafael katika mafungu yale yale ilimokwama mwanzo.

Miongoni mwa silaha za mabaharia hao zilikuwamo pinde za mtambo. Upinde wa namna hiyo haukuwa sawa na upinde wa wawindaji wetu. Katika somo hili tutajifunza jinsi mtu mwenye nguvu za kawaida alivyoweza kuupinda upinde mgumu kupita kiasi, na jinsi alivyojilinda asiumie.

Upinde wa kawaida

Mtu anayetumia upinde wa kawaida huushika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huvuta upote. Upote ni uzi wa upinde. Upote unapovutwa, mti wa upinde hupindika na kuweka nishati ndani yake. Upote unapoachiwa, mti hurudi upesi katika umbo lake, na nishati ile humwendea mshale. Kadiri upinde ulivyo mgumu, ndivyo nishati inavyokuwa nyingi.

Lakini mkono wa mtu una kikomo. Wawata, wawindaji wa nyika iliyo nyuma ya Malindi, nchini Kenya, walisifika kwa pinde zao ngumu za kuwindia tembo. Baadhi ya pinde hizo zilihitaji nguvu sawa na ya kuinua mzigo wa kilo 45, na hata zaidi. Jaribu kufikiri: mfuko wa saruji una kilo 50. Mwindaji alivuta uzito unaokaribia huo kwa vidole vyake, huku akilenga shabaha! Hiyo haikuwa kazi ya mtu asiyejizoeza.

Upinde wa mtambo

Katika upinde wa mtambo, upinde mfupi hufungwa kwa kukingama kwenye ncha ya mti mnene ulionyooka. Juu ya mti huo umechongwa mfuo wa kulaza mshale. Nyuma ya mfuo kipo kishikizo, ambacho kazi yake ni kuukamata upote ukishavutwa. Chini kipo kifyatulio. Mpigaji akikibana kifyatulio, kishikizo huuachia upote na mshale huruka.

Faida ya kishikizo ni kubwa. Mpigaji hana haja ya kuushikilia upote wakati anapolenga. Tena anaweza kuuvuta kwa mikono miwili, na akasaidiwa na miguu na mgongo. Wachina walikuwa wakitumia pinde za namna hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Baadaye mafundi wa Ulaya walianza kutengeneza upinde wenyewe kwa chuma cha pua badala ya mti. Pinde za chuma zilizokuwa ngumu kabisa zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 500. Hata watu watano wenye nguvu wasingeweza kuuvuta upote huo kwa vidole. Ilibidi watumie mashine rahisi.

Wenzo

Unakumbuka kwamba wenzo una mahali patatu pa kuangalia: egemeo, mzigo na jitihada. Ili kuvuta upote, mafundi walitengeneza wenzo wa chuma ulioitwa mguu wa mbuzi, kwa sababu ncha yake ilipasuka pande mbili kama kwato za mbuzi. Pande hizo ziliegemea vijiti viwili vya chuma vilivyotokeza ubavuni mwa upinde. Hapo ndipo palipokuwa egemeo. Kulabu mbili ziliushika upote, nao ulikuwa mzigo. Mpigaji alivuta mkono mrefu wa wenzo kuelekea kwake. Hiyo ilikuwa jitihada.

Tufanye hesabu. Tuseme kulabu ziko sentimeta 10 kutoka kwenye egemeo, na mkono wa mpigaji uko sentimeta 50 kutoka kwenye egemeo. Mkono uko mbali mara 5 kuliko kulabu. Kwa hiyo, ikiwa upote unahitaji nguvu ya kilo 100, mpigaji atatumia nguvu ya kilo 20 tu. Mwanafunzi wa Darasa la Tano anaweza kuinua ndoo ya maji ya kilo 20.

Watu wengi hudhani kwamba mashine hutupa nguvu bure. Sivyo hata kidogo. Upote ukisogea sentimeta 15, mkono wa mpigaji lazima usogee sentimeta 75, yaani mara 5. Zidisha uone:

100 × 15 = 1,500
20 × 75 = 1,500

Kazi iliyofanywa ni ile ile. Mashine imetupunguzia nguvu, nasi tumelipa kwa kurefusha mwendo. Kwa kweli hulipa zaidi kidogo, kwa sababu vyuma vinapokwaruzana nishati fulani hupotea.

Katika hesabu yetu tumechukulia kwamba upote ni mgumu sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Upinde halisi hauko hivyo. Mwanzo huvutika kwa wepesi, kisha huzidi kuwa mgumu kila sentimeta unayovuta. Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya mwisho, kabla tu ya upote kuingia katika kishikizo. Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Gurudumu, ekseli na roda

Kwa pinde zilizo ngumu zaidi, wenzo haukutosha. Wapigaji walifunga nyuma ya upinde ekseli ndogo yenye mikono miwili ya kuzungushia. Kamba ilitoka kwenye ekseli, ikapita katika roda iliyoungwa na kulabu za upote, kisha ikarudi na kufungwa nyuma ya upinde. Mpigaji alipozungusha mikono, kamba ilijiviringisha kwenye ekseli na upote ukaja polepole.

Tuseme nusu kipenyo cha ekseli ni sentimeta 2, na mkono wa kuzungushia una urefu wa sentimeta 20. Nguvu inayohitajika inapungua mara 10. Tena, kwa kuwa roda huvutwa na nyuzi mbili za kamba, nguvu inapungua mara 2 nyingine. Jumla ni mara 20. Upote wa kilo 400 sasa unavutwa kwa nguvu ya kilo 20!

Malipo yake ni mwendo na wakati. Ili upote usogee sentimeta 15, mikono ya mpigaji itazunguka sentimeta 300. Tena mtambo lazima ufungwe kabla ya kuvuta na kufunguliwa kabla ya kupiga. Mtu mwenye upinde wa kawaida angeweza kupiga mishale mingi kabla mwenzake hajamaliza kuandaa mmoja.

Mabaharia wa pwani yetu wanalijua vema jambo hili bila ya kulisoma kitabuni. Tazama jahazi likitweka tanga. Foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga, ni mzito sana. Kamba ya kuupandishia huitwa henza, nayo hupitishwa katika roda ambazo mabaharia huziita kapi. Mabaharia huvuta henza kwa urefu mkubwa, na foromali hupanda kidogo kidogo.

Kujilinda

Sasa turudi kwenye ile sehemu ngumu ya mwisho. Tuseme upote umekaribia kabisa kishikizo, na mkono wa mpigaji umeteleza. Nishati yote iliyomo ndani ya upinde hutoka mara moja. Upote hurudi mbele kwa nguvu, na wenzo au mkono wa kuzungushia hurudi nao. Mpigaji anaweza kuvunjika kiganja au taya.

Kwa sababu hiyo, mitambo mingine ilitiwa gurudumu lenye meno na ulimi wa chuma. Gurudumu linapozunguka kuelekea upande wa kuvuta, ulimi huruka juu ya kila jino: ta, ta, ta. Likitaka kurudi nyuma, ulimi hukwama katika jino na kulizuia. Mpigaji aliweza kupumzika katikati ya kazi na upote usirudi.

Ulimi peke yake hautoshi; lazima na mtu awe na mazoea mema. Kwenye ncha ya upinde palikuwa na kikuku cha chuma, kama kile cha kupandia farasi. Mpigaji alitia mguu ndani ya kikuku ili upinde usimponyoke, na wakati wote wa kuvuta ncha ilielekea ardhini. Mshale haukuwekwa mpaka upote umekamatwa na kishikizo na mtambo wa kuvutia umeondolewa. Vidole vilikaa chini ya mfuo, kwa sababu upote ungeweza kukata kidole kilichokaa katika njia yake. Tena upote haukufyatuliwa bila mshale. Mshale usipokuwapo, nishati haina pa kwenda, nayo humalizikia katika upinde wenyewe na kuweza kuuvunja.

Huenda kijijini kwenu hakuna upinde wa mtambo. Lakini huenda kipo kisima chenye ekseli na mkono wa kuzungushia. Ndoo iliyojaa inapokaribia juu, mtoto akiuachia mkono huo, nao huzunguka kwa kasi na kumpiga mtu aliye karibu. Hatari ni ile ile. Chunguza kama kisima hicho kina ulimi wa kuzuia. Kama hakina, mwambie mwalimu wako.

Jaribio

Vifaa: mti wa mviringo wenye urefu wa mita 1, nguzo mbili zenye panda, kamba ya mkonge, kijiti cha sentimeta 30, misumari, na ndoo yenye mchanga.

Simikeni nguzo mbili ardhini, kisha laza mti juu ya panda zake. Mwalimu awasaidie kupigilia kijiti kwenye ncha moja ya mti kiwe mkono wa kuzungushia. Funga kamba katikati ya mti, na mwisho wa kamba funga ndoo.

Kwanza inua ndoo kwa mkono mtupu. Pili inua ndoo kwa kuzungusha kijiti, ukikishika karibu na mti. Tatu kishike kwenye ncha. Ni wapi kazi ilikuwa nyepesi zaidi? Mkono wako ulikwenda mwendo mrefu zaidi wapi? Andika katika daftari.

Sasa pigilia misumari minne kuuzunguka mti karibu na nguzo moja, na kwenye nguzo hiyo fungeni kijiti kiwe ulimi wa kuzuia. Jaribuni mpaka ndoo iweze kuning'inia pasipo kushikwa na mtu. Wakati wote wa jaribio, mtu yeyote asisimame katika njia ya mkono wa kuzungushia, wala asiweke mguu chini ya ndoo.

Maswali

1. Upote ni nini? Nishati huwekwa wapi upote unapovutwa?
2. Taja egemeo, mzigo na jitihada katika wenzo wa mguu wa mbuzi.
3. Wenzo una kulabu sentimeta 8 kutoka kwenye egemeo, na mkono wa mpigaji uko sentimeta 48 kutoka kwenye egemeo. Upote unahitaji nguvu ya kilo 90. Mpigaji atatumia nguvu ya kilo ngapi?
4. Upote huo ukisogea sentimeta 12, mkono wa mpigaji utasogea sentimeta ngapi?
5. Kwa nini hatari huwa kubwa zaidi upote unapokaribia kishikizo?
6. Nenda ufukoni, bandarini, kisimani au kwa fundi wa magari. Tafuta mashine moja yenye gurudumu la meno na ulimi wa kuzuia. Ichore, kisha eleza ni nini kingetokea kama ulimi ungevunjika mashine ikiwa kazini.