Mboga isiyo na dawa na mahindi yenye sumu

Pengine nawe, msomaji wa Nuu, umejiuliza kama sukuma wiki na nyanya za sokoni zimebaki na dawa ya wadudu. Hubaki iwapo mkulima amechuma kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kwisha. Muulize mwuzaji alinyunyiza lini. Kabichi iondoe majani ya nje. Majani mengine yaoshe moja moja, na maji yakiwa haba tumia beseni na ubadilishe maji mara mbili. Hata hivyo, ziko dawa ambazo mmea huzinyonya hadi ndani, na hizo haziondoki kwa kuosha. Hapo ndipo kunde na mchicha wa shamba lako, usionyunyiziwa, una faida.

Lakini usidhani kwamba kisichotiwa dawa ni salama daima. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyolimwa huko huko na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo, aflatoksini, hutengenezwa na kuvu.

Sumu hii huharibu ini. Mgonjwa hutapika, huumwa na tumbo, macho huwa manjano na miguu huweza kuvimba. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya ini. Kuchemsha isyo kutwa nzima hakuiondoi. Kukoboa muthokoi huipunguza tu.

Fanya hivi:

1. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo.

2. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi hayajakauka.

3. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

4. Chambua punje zilizovunda. Usimpe ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita katika maziwa.

Ni vigumu kutupa gunia mwaka wa njaa, lakini gunia lililoota kuvu si akiba. Ukiona macho ya mtoto yamekuwa manjano, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, ukichukua na mahindi kidogo ya nyumbani ili daktari ayaone.